Mwaka Niliomjengea Baba Mguu

Tangu nipate akili nimeishi na baba yangu mwaka mmoja tu, na mwaka huo tulipewa na nyoka. Kabla yake nilikuwa mtu wa bweni. Nilipelekwa shule ya mbali nikiwa darasa la nne, nikawa narudi nyumbani likizo hadi likizo, na mara nyingi nilipofika yeye na mifugo walikuwa wameshahama. Kisha chuo kikuu, kisha kazi ya kufundisha ufundi wa mitambo katika chuo kimoja hapa Lodwar. Baba alibaki Loima, upande wa Namoruputh, na mbuzi wake. Tulipendana kwa simu, siku zile alizopanda kilima kutafuta mtandao.

Nyoka alimuuma mguu wa kulia. Walipomfikisha hospitali mguu ulikuwa umeharibika, wakaukata chini ya goti. Akatoka huko na magongo mawili na hasira ya watu kumi, akaja kukaa kwangu Napetet, mtaa wa hapa Lodwar, nyumba ya vyumba viwili.

Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Kwangu hapakuwa na jembe wala shamba, basi mgeni wangu akafanya kazi ya kulalamika. Mabati yalipika watu. Maji ya mfereji yalikuwa na ladha ya msumari. Maziwa ya pakiti aliyaita maziwa ya karatasi, na aliyanywa yote. Asubuhi aliketi mlangoni juu ya kigoda chake, kile ambacho wanaume wa kwetu hukikalia na pia hukilazia kichwa, akawatukana mbuzi wa jirani waliokuwa wakitafuna maboksi. Nikirudi kazini nilimkuta bado anawatukana, nami nilianza kucheka tangu langoni. Sikumwambia kamwe kwamba nilikuwa nikimaliza vipindi vya mwisho mbiombio ili nifike mapema.

Alitaka kitu kimoja: mguu wa kumrudisha kwa mbuzi wake. Hakutaka mguu wa kwendea kanisani, maana kanisani hata magongo yanafika. Wa kwanza aliopewa, wa plastiki, ulikuwa mzito na ulimchubua; aliuvaa siku nne akautupa chini ya kitanda. Ndipo nikasema, kwa majivuno ya msomi, kwamba mimi nitamtengenezea.

Sikuwa nikibahatisha. Kila Ijumaa nilikuwa nikienda Kakuma kusaidia katika karakana ndogo ya viungo bandia. Mkuu wake alikuwa fundi Mkongo, mkimbizi, mtu mwenye mikono mizuri kuliko wahandisi wote walionifundisha. Walikuwa na kompyuta moja, na ndani yake programu ya kupima vitu kabla havijatengenezwa, toleo la bure la wanafunzi. Unachora umbo, unaiambia programu limetengenezwa kwa kitu gani, unaweka mishale ya kuonyesha nguvu inasukuma wapi, nayo inakokotoa na kukuonyesha rangi. Buluu ni salama, nyekundu ni hatari.

Mguu niliotaka ulikuwa wa faiba na gundi. Faiba peke yake ni kitambaa cha nyuzi, inajikunja. Gundi peke yake ikikauka huwa ngumu, lakini ukiiangusha inavunjika kama sahani. Vikishikana, tabaka juu ya tabaka, unapata kitu chepesi chenye nguvu. Ila nguvu yenyewe hufuata njia ya nyuzi. Ukizilaza zote kwenda chini, utapata mguu unaobeba mwili bila shida lakini usioweza kujitetea ukisukumwa ubavuni. Kwa hiyo kazi yote ni kuamua kila tabaka ilale vipi, na ni afadhali ukosee kwenye kompyuta, maana gundi yetu ilitoka Nairobi na haikufika kila mwezi.

Baba alikuja nami kila Ijumaa. Aliketi nyuma yangu, gongo magotini, akitazama kioo cha kompyuta. Mara ya kwanza alipouona mguu wake pale, ukielea bila mtu, aliuliza mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia mwenyewe ndiyo hiyo mishale. Akaitazama kwa makini, akauliza ni nani huyo anayemsukuma kutoka chini, na amemkosea nini. Kompyuta ilikuwa kuukuu. Hesabu moja ilichukua saa mbili, feni ikilia, mstari mdogo ukisogea kidogo kidogo kwenye kioo. Fundi alituletea chai. Tulikaa watatu tukiungoja ule mstari, baba akisimulia habari za mbuzi mmoja mmoja, kwa rangi yake na kwa mama yake, na fundi akisimulia habari za mto wa kwao. Nikiulizwa leo furaha ni nini, nitasema ni zile saa mbili.

Mguu wa kwanza wa faiba niliupima kwa mishale mitatu: kisigino kinapokanyaga, mwili unapokuwa wima juu yake, vidole vinaposukuma kuondoka. Ndivyo vitabu vinavyosema watu hutembea. Ukatoka buluu juu hadi chini. Tukautengeneza, baba akauvaa, akaenda na kurudi kwenye mchanga wa mto Tarach, na kwa mara ya kwanza tangu aje mjini hakulalamika.

Wiki ya tatu ukapasuka. Nilikuwa jikoni nikasikia mlio kama wa kuni kavu, nikatoka nikamkuta amejishika ukutani nyuma ya nyumba. Alisema hakuanguka wala hakujikwaa. Alikuwa amesimama tu akitazama mbuzi wa jirani. Sikumwamini. Kisha, Ijumaa karakanani, sikumwamini fundi, nikamuuliza kama alibania gundi, naye akakasirika, na alikuwa na haki. Aliuchukua ule mguu, akapitisha kidole gumba juu ya ufa uliokuwa ukishuka ubavuni, upande wa ndani.

"Hii haikuvunjwa na kutembea," akasema. "Mutu alisukuma hapa, na upande. Uliza muzee."

Nikamuuliza baba alikuwa amesimamaje. Akaniambia nisimame kwanza mimi. Nikasimama wima kwa miguu miwili, kama ninavyosimama mbele ya darasa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hiyo ni kusimama ya mtu anangoja duka ifunguliwe," akasema.

Akanipa fimbo yake ya kuchungia niiegemee. Kisha kwa ncha ya gongo akauinua mguu wangu wa kushoto, akausukuma hadi wayo ukatulia ubavuni mwa mguu wa kulia, chini kidogo ya goti. Mimi, mwalimu mzima mwenye sketi, nikawa nimesimama kwa mguu mmoja katikati ya karakana, fundi akinicheka, na sikuyumba. Ndivyo wachungaji wa kwetu wanavyosimama muda mrefu wakitazama mifugo. Ndivyo nilivyosimama mimi mwenyewe nikiwa mtoto. Baba alikuwa akisimama juu ya mguu wa faiba na kuusukuma ubavuni kwa ule mzima, kila siku, na mimi binti yake sikuwa nimeuweka mshale huo. Programu haikukosea, ilijibu nilichoiuliza. Niliona aibu ambayo hakuna mtihani uliowahi kunipa.

Nikauongeza mshale wa nne, kutoka ubavuni. Ule ubavu wote ukawaka nyekundu. Nikaanza upya: tabaka moja chini, moja kwa kukingama, mbili kwa mshazari zikipishana, nikabadili, nikajaribu tena. Baada ya Ijumaa tano nyekundu ikaisha.

Hapo nilipaswa kusema tumemaliza. Sikusema. Nilileta mshale wa mtu anayeinama kisimani. Ijumaa iliyofuata, wa mtu aliyebeba mwanambuzi mabegani. Kisha wa kuinuka kutoka kwenye kigoda, kisha wa kukanyaga jiwe vibaya. Yote yalikuwa mambo ya kweli, na mtu akinishtaki ningejitetea. Gundi mpya ilifika ikakaa kwenye mtungi wake. Fundi aliacha kuuliza lini tunaanza. Mvua ilinyesha Loima, ndugu wakapiga simu kusema majani yameota, nami nikamwambia baba bado kuna hesabu moja imebaki.

Ijumaa hiyo mstari ulikuwa haujafika nusu alipousogeza mkono wangu kutoka kwenye kompyuta.

"Mguu imeisha," akasema, bila hasira. "Imeisha zamani. Ni wewe haijaisha."

Nikalia. Fundi akakumbuka ghafla kwamba ana kazi nje. Nilimwambia baba ukweli, kwamba akienda nitampata tena kwa simu tu, na kwamba tangu nipelekwe bweni sikuwahi kukaa naye, na mwaka huu nimekaa naye.

"Hata ile mguu ya ufa ningefunga na ngozi, niende," akasema. "Mimi pia nilikaa."

Tuliutengeneza mguu wiki hiyo. Aliondoka Lodwar kwa lori la mfanyabiashara Msomali aliyekuwa akipeleka unga Namoruputh, akapanda mwenyewe, akakataa kushikwa mkono. Hakugeuka nyuma. Nilibaki nimesimama barabarani mpaka vumbi likatua, nikarudi kwenye nyumba ambayo hakuna aliyekuwa akitukana mbuzi mlangoni.

Miaka imepita, na mguu ule haujarudi karakana hata siku moja. Nikienda kwake likizo nakaa naye siku mbili tatu, kisha mbuzi wanahama naye anahama nao, mbele yao, anatembea vizuri. Wanafunzi wakiniuliza kazi niliyoifanya vyema kuliko zote, nawaonyesha picha yake ya buluu na kuwaeleza tabaka zilivyolala. Mengine siwaambii. Simu ikilia kutoka upande wa Loima, kabla sijaipokea, naomba jambo ambalo mhandisi hapaswi kuliomba: kwamba ufa umetokea, mdogo tu, wa kumleta mjini wiki mbili. Kisha nasikia sauti yake ikisema ejok, yaani salama kwa lugha yetu, mguu ejok, mbuzi ejok, nami nasema asante Mungu, na yote mawili nayasema kwa moyo wangu wote.