Kusimama na Kuacha: Miaka Yangu ya Kufundisha Vitenzi vya Kiingereza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa darasa la kidato cha pili katika shule moja ya wasichana kule Tudor, na somo nililokabidhiwa lilikuwa vitenzi vinavyofuatana. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu. Nikaandika ubaoni safu tatu: vitenzi vinavyofuatwa na "to", kama "want to go", vinavyofuatwa na kitenzi chenye mkia wa "-ing", kama "enjoy reading", na vile vichache visivyotaka "to" wala "-ing", kama "let him go". Wasichana wakanakili kimya. Kengele ilipolia nikatoka nimeridhika.

Mkuu wa Idara ya Kiingereza alikuwa amekaa nyuma ya darasa muda wote. Alikuwa mzee mtaratibu, mzaliwa wa Mji wa Kale kama mimi, na sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Alinisubiri barazani.

"Umefundisha vizuri, Bi Mwalimu," akasema. "Lakini wamenakili safu. Ukiwauliza safu watakujibu. Wakitaka kusema jambo lao wenyewe, watafanyaje?"

"Watakumbuka kanuni."

"Mtu mwenye haja hakumbuki kanuni. Hukumbuka lugha ya mamake. Anzia hapo."

Sikumwelewa mpaka nilipohamishiwa shule ya wavulana iliyokuwa karibu na soko la Marikiti. Mwalimu Mkuu wa pale hakuwa na muda wa maneno mengi. "Nipe alama," aliniambia wiki ya kwanza, "mengine tutazungumza baadaye." Nikakesha na insha za wale vijana, na makosa yao yakaanza kunifundisha. Waliandika "discuss about" pasipohitajika "about", na "depend him" pasipotosha bila "on". Nikajiuliza kwa nini kosa lile lile limrudie kila mmoja.

Jibu lilikuwa midomoni mwetu. Sisi kihusishi hukitia ndani ya kitenzi chenyewe. Andika huwa andikia, lia huwa lilia, na kazi imekwisha. Mwingereza kitenzi chake hukiacha jinsi kilivyo, kisha akakipa mwenziwe wa kutembea naye, na mwenzi huyo huchaguliwa na mazoea, si na mantiki. "Listen" hutembea na "to", "depend" hutembea na "on". Akibadilishwa mwenzi, safari nayo hubadilika. Tangu hapo sikuandika safu tena. Nilimwambia mwanafunzi aseme jambo lake kwa Kiswahili kwanza, ndipo tulivushe pamoja hadi Kiingereza. Alama zikapanda, na Mwalimu Mkuu akaniacha nifundishe nipendavyo.

Baadaye niliombwa nifundishe watu wazima jioni, katika ukumbi mdogo upande wa Mbaraki. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa gatini, kule bandarini. Mmoja aliitwa Athmani. Kazi yake ilikuwa kufunga mizigo na kukagua kamba za chuma kabla kreni haijanyanyua. Alikuwa msafi, msikivu, na alitaka Kiingereza ili apandishwe cheo awe nyapara. Kabla ya somo alikuwa akinisalimu kwa utaratibu wa wazee: "Masalkheri, Mwalimu. Nyumbani hawajambo?" Kisha hukaa mbele.

Ikatokea ajali kazini kwao. Kamba ilikatika, mzigo ukaanguka, ukamvunja mguu mfanyakazi mwenzake, Kombo, ambaye pia alikuwa shemeji yake, ndugu wa mkewe. Kampuni iliyowaajiri, ambayo siku hizi haipo tena, ikaunda kamati ya uchunguzi. Mwenyekiti alikuwa mhandisi mgeni asiyejua Kiswahili. Athmani alipoitwa aliulizwa kama ataka mkalimani, akakataa. Alisema atajieleza mwenyewe.

Mimi sikuyajua hayo. Nilichoona ni kwamba Athmani amekuwa kimya, na salamu zake zimefupika. Jioni moja nikafundisha kitenzi "stop". Nikaeleza kwamba "stop to check" ni kusimama ili ukague, na "stop checking" ni kuacha kukagua. Kiswahili kina maneno mawili, kwa hivyo hatutatiziki. Kiingereza kina moja tu, na maana hubebwa na kile kinachofuata. Nikapitia na vihusishi: "shout to" ni kumwita mtu kwa sauti akusikie, "shout at" ni kumfokea.

Wenzake walipoondoka, Athmani hakuinuka.

"Mwalimu, mimi nshasema hayo mbele ya kamati," akaniambia.

"Umesema nini?"

"Nimesema, 'I stopped checking the rope. I shouted at the driver.'"

"Na ulitaka kusema nini?"

"Nalisimama nikague kamba. Nikaona imechakaa. Nikamwita dereva wa kreni asinyanyue, hakunisikia." Akafunga daftari lake. "Wao wamefahamu kwamba naliacha kazi, nikaenda kugombana na dereva. Ndiyo sababu shemeji hataki kuniona. Mke wangu amekwenda kumuuguza nduguye, na hajarudi."

Sentensi zake zote mbili zilikuwa sahihi kisarufi. Kama zingekuwa za mtihani, ningeziwekea alama ya vyema.

Athmani alikuwa amesimamishwa kazi, lakini kamati ilikuwa haijatoa uamuzi. Tukaenda pamoja mpaka afisi za kampuni. Afisa wa wafanyakazi alitupokea mlangoni bila furaha. "Mwalimu, hapa hatusahihishi mitihani," akasema.

"Sikuja kusahihisha," nikamjibu. "Naomba aulizwe tena, safari hii kwa Kiswahili. Mkalimani awe mtu wenu, si mimi."

Aliingia ndani kushauriana, akarudi akatuita. Athmani akaeleza kwa lugha yake, na mkalimani wao akamfasiria mwenyekiti. Mwenyekiti akataka dereva wa kreni aulizwe alichokiona. Dereva alikuwa kijana, na alijibu akiwa ameinamisha kichwa.

"Nalimwona asimama penye kamba, apunga mkono," akasema. "Sauti sikuisikia kwa kelele za mashine. Nikadhani aniambia ninyanyue."

Athmani akarudishwa kazini. Dereva hakufukuzwa, alipewa onyo, na wote wakafundishwa ishara moja ya mkono ya kusimamisha kreni. Kombo mguu wake haukurudi kama zamani. Lakini alipopata habari ya yale aliyoyasema dereva, alimtuma dadake arudi kwa mumewe, na Ijumaa iliyofuata alikwenda kula nyumbani kwa Athmani, akitembelea mkongojo. Unyapara Athmani hakuupata. Aliendelea kuja darasani mpaka tulipofunga ukumbi ule.

Miaka yangu ya mwisho nilikuwa mkuu wa idara, nikikaa mimi kiti cha nyuma. Sasa nimestaafu. Mwalimu mmoja kijana, jirani yangu hapa Kibokoni, hunijia alasiri tukanywa kahawa. Juzi, nilipokwisha kumsimulia habari hizi, aliniuliza: "Bi, ikiwa Athmani aliokolewa na Kiswahili, kanuni zote hizi za Kiingereza tunazifundishia nini?"

Nilimwambia kwamba Athmani nilikwenda naye. Wengine niliowafundisha walikwenda peke yao, mahakamani, hospitalini, kwenye afisi za watu, na mimi sikuwepo kuwaombea mkalimani.