Landrova Tuliyoinunua Makambako

Mume wangu alipoamua kununua Landrova kuukuu hakuniuliza. Alinichukua tu twende Makambako nikaione. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, sabuni na sukari zimerudi madukani, na chama cha ushirika kilichokuwa kikichukua mazao yetu kimeacha kuja. Wanunuzi binafsi walikuwepo, lakini walitaka mzigo wauone kando ya lami. Sisi tulikuwa tukilima viazi na mahindi nyuma ya misheni, ng'ambo ya Njombe, mahali ambapo mvua zikishika lori la kawaida linazama hadi tumboni. Viazi vyetu vilikuwa vimeozea ghalani, na mume wangu alisema hatalima tena vya kuozesha.

Muuzaji alikuwa msafirishaji Mwislamu, mtu wa Kondoa aliyehamia Makambako zamani na kuanzisha duka la vipuri. Landrova ile alikuwa ameinunua mnadani kutoka kwa mradi mmoja wa maji uliofungwa. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko mtoto wetu wa kwanza. Rangi yake ya kijani ilibanduka na chini yake ukaona rangi nyingine, na chini ya hiyo nyingine tena. Mlango wa abiria ulifungwa kwa waya, na sakafuni palikuwa na tundu unaloonea ardhi. Mume wangu aliizunguka taratibu kama anayechagua ng'ombe. Nilimtazama usoni nikajua kwamba ameshainunua.

Muuzaji hakutuficha kitu. Alinigeukia mimi badala ya mume wangu.

"Mama, injini nzima, na magurudumu yote manne yanavuta. Breki zake ni za kubembeleza. Ukishuka mlima usizitegemee. Weka gia nzito, gari lijishikilie lenyewe."

Nilimwuliza kama yeye angempakia mkewe humo. Akasema amempakia mara nyingi, ila aliyekuwa akiendesha ni yeye mwenyewe. Mume wangu akacheka. Mimi sikuona cha kuchekea.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilijifunza kuisikiliza. Niliitambua ikiwa bado nyuma ya kilima, nikajua kama imebeba mzigo au ni tupu, na kama sauti ile ya kukwaruza, ambayo fundi wa mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, alisema ni kitu kidogo, imezidi. Nilimenya viazi huku sikio likiwa barabarani. Akichelewa, nilikwisha kuiona kichwani mwangu ikiwa imelala chali bondeni, magurudumu juu. Watoto wakiniuliza jambo nilijibu lisilohusika.

Na wala haikuwa viazi peke yake. Kijijini kwetu hapakuwa na gari lingine liwezalo kupita masika, kwa hiyo kila shida ilikuja mlangoni kwetu. Mjamzito aliyezidiwa, jeneza la kwenda kuzikwa ng'ambo ya mto, bati za paa la shule. Mume wangu hakujua kumkatalia mtu. Mtu alikuja akasema "kamwene" ya kusalimu, akakaa, akazungumza habari za mahindi, na mimi jikoni tayari moyo ulikuwa unakwenda mbio, kwa kuwa nilijua anazunguka tu, hoja yake ni gari.

Hofu hiyo ndiyo iliyonifanya nimwombe anifundishe kuendesha. Nilijiuliza, akianguka huko mbali, nani atamrudisha? Alinifundisha Jumapili baada ya misa, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Usukani ulikuwa mzito kama kusukuma mtu asiyetaka kwenda. Niliweka gunia lililokunjwa mgongoni ndipo mguu ukafika kwenye klachi. Nilizunguka shamba, nikarudi nyuma, nikaizima na kuiwasha tena. Barabarani sikutoka hata siku moja.

Masika moja tulisikia kwamba kuna viazi vingi katika vijiji vya Wakinga, mbele ya Ikonda, na huko Makambako wanunuzi wanavisubiri. Watoto tuliwaacha kwa mama yangu, tukaenda wote wawili. Tulilala kwa mzee mmoja wa Kikinga na mkewe, watu waliotupokea kama ndugu. Asubuhi mume wangu alilalamika tumbo. Akasema ni ulanzi wa jana, ile pombe ya mianzi. Vijana walipomaliza kupakia magunia nilimkuta ameketi chini, ameegemea gurudumu, jasho linamtoka katika baridi ile. Nilimwambia asimame. Akajaribu, akabaki amejikunja.

Hapo pakawa na maneno mengi. Wengine walisema abebwe kwa machela mpaka hospitali ya Ikonda, lakini kwa mvua ile wangefika jioni, kama wangefika. Mwenyeji wetu akauliza ni nani mwingine ajuaye kuendesha. Mume wangu akaninyooshea kidole.

"Utaendesha wewe," akasema.

"Sijawahi kuendesha barabarani."

"Najua. Ndiyo maana nitafumba macho."

Walishusha magunia mengi, wakabakiza machache nyuma ili matairi yashike udongo. Mume wangu tulimweka katikati, na mke wa mwenyeji akaketi upande wa mlango wa waya, amemkumbatia. Mama yule alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Nilivuta ile gia fupi ya kuamsha magurudumu yote manne, nikaingiza namba moja, tukaondoka.

Ukungu ulikuwa umekaa barabarani. Niliona boneti, hatua chache za tope jekundu, basi. Mahali pa tambarare nilikwenda vizuri kiasi, nikaanza hata kupumua. Kisha barabara ikaanza kushuka, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili weupe mtupu. Nilikanyaga breki kidogo, zikashika. Nikakanyaga tena, zikashika nusu. Mara ya tatu mguu ulishuka mpaka sakafuni kama ninakanyaga maji.

Gari lilianza kuteleza kwa ubavu kuelekea ule weupe, na mguu wangu uling'ang'ania kukanyaga, haukutaka kunisikia. Yalinijia maneno ya yule msafirishaji wa Makambako. Nikaunyanyua mguu, nikaacha kila kitu isipokuwa usukani. Injini ikanguruma kwa nguvu hata nikadhani inapasuka, halafu nikahisi gari limeshikwa, kana kwamba mtu amelikamata mkia. Likaendelea kushuka polepole, likilalamika. Mama yule alikuwa akisema maneno ya Kikinga kwa sauti ya chini. Nilijua ni sala.

Kilichonitisha zaidi ni kimya cha mume wangu. Nikaanza kumwita. "Baba watoto." Akajibu, "Nipo." Tukateremka kona nyingine. "Baba watoto." "Nipo." Halafu nikamwita, asijibu. Sikuweza kumtazama, macho yangu hayakuthubutu kutoka barabarani. Mama yule akasema, "Anapumua," nikaendelea.

Chini kulikuwa na kijito chenye daraja la magogo, na maji yalikuwa yamepanda juu ya magogo. Kabla ya kufika paliinuka kidogo, gari likasimama lenyewe, nikashukuru. Mama yule akafungua waya, akashuka. Akachukua kijiti, akaingia majini akipapasa magogo, kisha akanipungia mkono nimfuate. Akanigeuzia mgongo, akatembea mbele yangu, maji yakimfika kwenye vifundo, ili nijue mstari uko wapi.

Alidhani nikitaka kusimama nitasimama. Nilitaka kumwita nimwambie, lakini nikajua nikisema atatoka, na asipokuwepo sina wa kunionyesha njia. Niliingiza namba moja nikamfuata. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona mshono wa kanga yake. Akipunguza mwendo, mimi sina la kufanya. Nilikuwa nikisema kimoyomoyo, tembea mama, tembea, usisimame. Katikati kijiti chake kilikwama, akainama kukinasua. Boneti ilibakiza kama shubiri moja kuufikia mgongo wake. Akainuka, akaendelea. Alipokanyaga ng'ambo alijisogeza pembeni, mimi nikapanda kilima bila kumngoja, nikamsubiri juu kabisa, injini nimeizima gia ikiwa ndani, nalia.

Hospitali tulifika mchana. Nililiacha gari lipande tuta la maua mpaka likazimika. Walitoka na machela, wakamchukua. Walisema ni kidole tumbo, kimekaribia kupasuka, wakampasua siku hiyohiyo. Sisi wawili tulikaa kwenye benchi, miguu imejaa tope. Hapo ndipo nilipomweleza yule mama habari za breki. Aliendelea kukwangua tope miguuni, nikadhani hakunielewa.

"Ungesema, nisingetembea," akasema mwishowe. "Nisingetembea, usingevuka."

Kisha akaniuliza kama pale wanauza chai.

Mume wangu alipona. Fundi aliyeitwa alilala chini ya gari akatoka na kipande cha bomba la breki lililosagika kwa kugonga mawe, akaunga lingine. Viazi tulivyoviacha kijijini mwenyeji wetu aliviuza alivyoweza, vingine vikaharibika, na wala hatukuvisikitikia. Siku ya kurudi, tukipitia kwanza kijijini kuwaaga wenyeji wetu, mimi ndiye niliyeendesha, maana kidonda kilikuwa bado kibichi. Wakati huu hakufumba macho. Kila tuliposhuka, mguu wake ulikanyaga sakafu mahali pasipo na breki, akaniambia nipunguze mwendo, na mwendo wenyewe ulikuwa wa mtu anayechunga mbuzi. Kwenye lile daraja aliomba ashuke avuke kwa miguu. Nilimwacha. Nilimtazama akivuka polepole, mkono tumboni, ndipo nami nikavuka.

Tulipofika Njombe mjini gari lilinizimikia katikati ya barabara ya sokoni, magari nyuma yangu yakapiga honi, watu wakasimama kutazama mwanamke kwenye usukani. Masikio yaliniwaka moto. Nikawasha tena, nikaondoka.

Niliwaza kwamba nikishajua kuendesha hofu itaniachia. Haikuniachia. Ilihama tu kutoka jikoni ikaja kukaa nami kwenye kiti.

Mume wangu akiwa bado anauguza kidonda, jirani mmoja alikuja asubuhi, mvua inanyesha. Alisalimia, akakaa, akazungumza habari za mahindi. Halafu akasema mkewe ameshikwa na uchungu na mambo si mazuri, akamwomba mume wangu msaada wa gari. Mume wangu alikuwa amejifunika blanketi karibu na moto. Alinitazama, akamwambia jirani, "Mwombe mama."

Jirani akanigeukia. Nikamwambia akamtayarishe mkewe, nikaanza kutafuta viatu.