Buji za Mwendo wa Arusi

Nakumbuka wiki ile dada yangu Nsimire alipokuwa anaolewa, mwanangu, kwa sababu sijapata tena kuogopa gari kama nilivyoliogopa lile la baba.

Lilikuwa gari la zamani la petroli, na baba alipofariki ndilo alilotuachia. Alikuwa amemwahidi Nsimire kwamba atapelekwa nalo kanisani. Wakwe walikuwa na jeep mpya. Dereva wao alikuja kwetu Kadutu, mtaa wa mlimani, akalizunguka gari letu akicheka, akamwambia mama, "Maman, ikizima ku mulima, bibi-arusi atashuka tu, aingie mu jeep yetu. Hakuna shida." Mama alitabasamu kwa adabu. Yule dereva alipokwenda zake, mama alilia.

Mimi nilikuwa fundi kijana, damu ikanichemka. Nikaenda sokoni kununua buji, vile vidude vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini. Nilichagua mpya, zilizong'aa kuliko zote. Nikajaribu moja moja: nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikaona cheche ya buluu, safi kabisa. Kisha nikalipeleka gari nje ya mji, njia ya kwenda Miti, likakimbia ajabu! Nilirudi nikipiga honi mtaa mzima.

Tonton Cirhuza, kaka yake mama, aliyeendesha malori ya kwenda Kamituga miaka mingi, alikuwa ananingoja mlangoni.

"Hii gari umeipima namna gani?"

"Mu mbio, tonton. Inatembea muzuri sana!"

"Mu mbio! Mutoto wa dada yangu iko anaenda kuolewa ao kuzima moto?"

Kwetu gari la bibi-arusi hutembea nyuma ya akina mama, nao huenda kwa miguu wakiimba na kucheza mpaka mlango wa kanisa. Hakuna anayewaharakisha, labda mwenye kutafuta ugomvi.

Tonton akawaita mama na majirani, akawaomba waimbe barabarani: arusi isiyo na bibi-arusi! Yeye mwenyewe akatembea mbele ya gari, mimi nikiliendesha, mikono yake mgongoni, kama askofu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wahenga husema mwenda pole hajikwai, ila wao hawakuendesha gari la baba. Katikati ya mlima likakohoa, likazima. Nikazitoa buji, nyeusi tii, zimejaa masizi. Zilikuwa za injini za siku hizi, zinapoa haraka, na injini kuukuu ikienda polepole haizipi joto la kuunguza masizi.

Tukageukia kopo la vipuri la baba. Tukachagua buji zenye pua ndefu nyeupe, zile zinazotunza joto, tukazisugua, tukapima mwanya wa kurukia cheche, tukapanda mlima tena, akina mama wakiimba. Kila tukifika juu nilizitoa na kutazama rangi, iliyokuwa nyeusi tukaiweka kando. Sauti ziliwakauka, lakini hakuna aliyerudi nyumbani mpaka buji zote zilipotoka na rangi ya chai ya maziwa.

Jumamosi ile, mwanangu! Gari lilipanda Kadutu kwa mwendo wa miguu, likiunguruma taratibu, wala halikukohoa. Vigelegele vilitoka kila dirisha, na Nsimire nyuma yangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Kanisani, yule dereva wa jeep ndiye aliyekuja kumfungulia mlango, kofia mkononi. Mama akaweka kiganja juu ya gari, likiwa bado la moto, akamwita marehemu baba kwa nguvu mbele ya wakwe wote, "Papa Nsimire, mutoto wako amefika!" Nililia hadharani, na sioni haya kukuambia.

Basi sikia. Cheche ya nje, penye hewa na macho ya watu, hata buji mbovu huitoa. Usikipime kitu kwa kazi unayopenda kujionyesha nayo, kipime kwa kazi kinayokwenda kuifanya. Ukichagua fundi, rafiki, hata mwenzi wa maisha, mtazame siku ya mlima na mwendo wa pole, usimtazame siku ya mbio tu. Na mkubwa akikucheka kabla ya ulimwengu kukucheka, mshukuru, kwani asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mungu akujalie macho ya kuchagua, akupe subira ya kurudia jaribio, na wazazi wako waishi wakuone ukifika.