Dakika Ishirini za Saa

Kiwandani walimwita Saa. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya washonaji wa viatu na kuwapima muda, akianza kuhesabu tangu mshonaji anaponyanyuka kufuata uzi. Yeye mwenyewe hakuwahi kushona hata kandambili.

Mkewe, mshonaji wa mstari wa pili, alipochaguliwa kusoma kozi ya usimamizi jioni, Saa alikunja uso.

"Na jikoni atabaki nani?"

"Wewe, mume wangu. Au mikono hiyo ni ya mapambo?"

Saa akacheka, kicheko cha mtu asiyewahi kuosha kijiko. Kupika, alisema, kunachukua muda kwa uvivu wa wanawake tu. Ameona kwenye simu: nyama ya nguruwe na tambi kwa mtindo wa Kiitalia, kikaango kimoja, dakika ishirini. Atapika Jumamosi. Akiwahi, kozi isahaulike. Akichelewa, mke aende.

Jumamosi mama mkwe alikuja kushuhudia, na Saa akairudia ahadi mbele yake, kifua mbele.

"Haya, baba," akasema mama mkwe. "Jiko ni kule, kama hulijui."

Akakata nyama, akajikata na kidole. Akamenya vitunguu saumu huku akivitukana. Akasaga nyanya, akakwaruza jibini, akachemsha maji, vyote akavipanga kwenye vibakuli. Ndipo akabandika kikaango na kubonyeza saa yake kwa madaha.

Dakika kumi na tisa! Nyama ilikuwa ngumu kama soli na tambi zimeshikana bonge, lakini kumi na tisa.

"Mmeona?"

Mkewe alitafuna kwa muda mrefu. "Sisi kiwandani unaanza kutuhesabia wapi?"

Saa akachomachoma bonge la tambi kwa uma.

"Juzi nilifuata uzi, ukanikata dakika nne kwenye mshahara."

"Kisu umekishika saa tisa," akasema mama mkwe, akitazama saa ya ukutani. "Sasa ni kumi na nusu. Mkuki kwa nguruwe, baba."

Mwanamume mwenye haya angekiri. Yeye akasema kuandaa si kupika.

"Basi kufuata uzi si kushona," akajibu mkewe, akaisukuma sahani.

Jumatatu Saa alisimama nyuma ya mstari wa pili, akahesabu tangu kufuata uzi kama kawaida yake. Kwa hesabu hiyohiyo, jioni mkewe akaenda kozini, naye akapasha moto lile bonge la tambi.