Jogoo Aliyechungulia Chini ya Meza

Murunga alichora wanyama wakifanya mambo ya watu, na hakuwa na namna nyingine ya kuchora. Ukimpa ukuta wa kinyozi, alikuchorea kondoo ameketi kwenye foleni anasoma gazeti. Shiundu wa bucha, hapa mtaani Kawangware 46, Nairobi, aliomba ng'ombe. Akapata ng'ombe aliyevaa aproni, kisu mkononi, anawapimia watu nyama, na uso wa yule ng'ombe ulikuwa na uaminifu ambao Shiundu mwenyewe hajawahi kuwa nao. Shiundu alinung'unika siku mbili, kisha akaona wateja wanavyoongezeka, akanyamaza.

Nyumbani kwake Kibera ndiko alikozidisha. Chumba chake kilikuwa na mlango mmoja kama vyumba vyote vya ile laini ya nyumba za kupanga, lakini yeye alichora mwingine kando yake, ukutani, pamoja na bawaba, kufuli na mwanya wa mwanga kwa chini. Ule wa kweli akaupaka rangi ya udongo. Shemeji yake Wepukhulu alipokuja kutoka Bungoma alibisha kwenye mlango wa rangi mpaka vidole vikamuuma, akakaa juu ya sanduku lake kwenye jua. Nekoye, mke wa Murunga, alikuwa ndani muda huo wote akipika, akidhani ni watoto wanarusha mawe. Wepukhulu alipogundua alikataa kula. Nekoye alinisimulia kisa hicho akiwa amejishika mbavu, na mimi nilicheka hadi chai ikamwagika.

Mimi ni Akoth, mwenye hoteli iliyo mkabala na bucha ya Shiundu. Mume wangu alipofariki aliniachia sufuria nne na watoto watatu, Oloo akiwa mkubwa wao, na sina subira na mtu anayeniuliza nilivyofika hapa. Mwaka wa themanini na mbili, mvua za masika zilipokwisha, nilimwita Murunga.

"Nichoree jogoo," nikamwambia. "Si kuku hivi hivi. Jogoo mwenyewe, mwenye upanga kichwani. Mtu akimwona ajue hapa kuna nyama."

"Na huyo jogoo anafanya nini, Mama Oloo?"

"Hiyo ni shauri yako. Wewe ndiye mwenda wazimu."

Alichora siku mbili. Jogoo alikuwa ameketi mezani, kitambaa shingoni, na mbele yake sahani yenye paja la kuku lililokaangwa. Lakini hakuwa akila. Alikuwa ameinama, anachungulia chini ya meza kuhakikisha kwamba miguu yake yote miwili ipo. Jicho lake lilikuwa na hofu ya mtu anayejipapasa mfuko baada ya kusukumwa sokoni. Nilicheka nikalia. Watu wazima walisimama barabarani, wakamtazama, kisha nao wakainama kuangalia miguu yao wenyewe, wakaingia kula.

Halafu ikaja ile Jumapili ya Agosti. Redio ikasema serikali imepinduliwa, kisha ikasema haijapinduliwa, risasi zikalia mjini, na baada ya hapo kila mtu akawa anapima neno kabla ya kulitoa. Jogoo alikuwa alama ya chama, na chama kilikuwa kimoja. Tangu ukutani kwangu kuchorwe, hakuna aliyekuwa amewaza hilo, Murunga wala mimi. Baada ya Agosti, kila mtu aliliwaza.

Walikuja watatu, vijana wawili wa chama na askari wa chifu. Hawakuagiza chakula.

"Mama, huyu jogoo anafanya nini?"

"Amekaa tu, afande."

"Amekaa anakula nini?"

Nilitazama ile sahani kana kwamba naiona kwa mara ya kwanza. "Kuku," nikasema.

"Kwa hivyo anakula wenzake. Na huku chini anaangalia nini? Nani amemkata miguu?"

"Hajakatwa. Iko yote. Hesabu."

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja akatoa kijitabu. "Nani alisema achorwe hivi?"

Niliwaona wanangu watatu mbele ya macho yangu, naapa niliwaona. Nikasema, "Mimi nilimwambia fundi achore kuku. Jogoo ni wake."

Kijana akaandika. Maneno yangu yalikuwa mafupi, hayakuchukua hata mstari mzima.

Murunga alikuwa kwa Shiundu, anaongezea ng'ombe pembe. Wakamwita aje amfute jogoo. Akaja na mkebe wa rangi nyeupe, akapandisha brashi, akapitisha mara moja juu ya upanga.

"Wewe!" kijana akafoka. "Unafuta jogoo? Mbele yetu?"

Murunga akaganda, brashi hewani, rangi ikimdondokea kwenye kiatu. "Mmeniambia nifute."

"Tumekuambia urekebishe. Nani amekuambia umkate kichwa?"

"Basi nimwache?"

"Umwache vile anatukana chama?"

"Sasa nifute ama nisifute?"

"Wewe ndiye unajua ulichomaanisha."

Wakasimama hivyo, watu wanne na jogoo mwenye nusu ya upanga. Mwishowe Murunga akasema kwa upole kabisa, "Labda nimwongezee ugali, ashibe, aache kufikiria miguu." Shiundu, aliyekuwa mlangoni kwake, aliangua kicheko akakimeza. Vijana walimwangalia Murunga, wakaondoka. Mimi nilijua hapo hapo kwamba mambo yameharibika.

Kesho yake asubuhi wakaenda kumchukua Kibera. Nekoye ndiye aliyenieleza. Askari watano walifika kwenye ile laini, wakaenda moja kwa moja kwenye mlango wa rangi. Wakabisha. Wakapiga teke. Mkubwa wao akarudi nyuma hatua sita, akaja mbio na bega lake, akagonga ukuta. Laini nzima ikacheka. Akina mama waliokuwa wanafua walicheka mpaka wakakaa chini. Murunga alikuwa ndani anakunywa chai, akasikia kile kicheko, na Nekoye anasema aliona uso wake ukibadilika rangi. Aliweka kikombe chini akasema, "Nekoye, leo nimechora vibaya." Akafungua mlango wa kweli akatoka mwenyewe. Walimpiga pale pale kwa sababu ya kucheka kwa majirani.

Siku ya tatu Nekoye alikuja hotelini. Hakukaa.

"Akoth, dada yangu, wewe ndiye ulitaka jogoo. Nilikuwepo ulipotuma mtu kumwita. Njoo tu useme hivyo. Wakijua ni matangazo ya chakula, watamwachilia."

"Nitakuja kesho," nikamwambia.

"Kesho saa ngapi?"

"Asubuhi."

Sikwenda. Nilivaa, nikafunga kitambaa kichwani, nikafika stejini kungoja matatu, nikarudi kupika maharagwe. Siku iliyofuata vilevile. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Aliyesema hivyo hakuwahi kukaa hotelini kwangu wiki ile, wateja wakila kwa haraka chini ya jogoo mwenye nusu ya upanga, asithubutu yeyote kumtazama, nami nikiwageuzia mgongo. Nekoye hakurudi kuniuliza.

Walimwachilia siku ya kumi na moja. Alikuja kwangu mwenyewe, amekonda, mkono wa kushoto haunyooki vizuri, na mkebe wa rangi nyeupe. Alisema ameruhusiwa kufuta, ana karatasi. Nikamtengea chai, hakuinywa. Alipaka ukuta wote, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akaanza kuandika kwa herufi nyeusi zilizonyooka: HOTELI. CHAKULA TAYARI. Hakukuwa na mnyama hata mmoja. Shiundu alikuwa ameshamwomba amfute na ng'ombe.

Nilisimama nyuma yake. Nilikuwa nimeyakariri maneno yangu tangu alfajiri.

"Murunga, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuambia uchore jogoo. Wewe wajua. Niliogopa, nikakutupa."

Hakugeuka. Alimaliza herufi aliyokuwa akiiandika.

"Hapana, Mama Oloo," akasema. "Wewe uliniambia nichore kuku. Jogoo ni wangu."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akisema mambo yake siku zote, uso mkavu, kisha unangoja jicho lake likonyeze. Nikangoja.

Akageuka, na jicho halikuwa na kitu.

"Ndivyo ilivyoandikwa," akasema. "Nimeweka sahihi. Tafadhali usiseme vingine." Akachovya brashi. "Na usicheke hapa nje. Watu wanapita."