Nilimwagia lavenda kikwembe cha marehemu mama

Wakuu, jambo kwenu toka mji wa Baraka. Sitajipendelea: nimeharibu kitu kisichonunulika, kwa mkono wangu, huku nikijiona mtaalamu.

Mama alifariki mwaka jana. Dada yangu Riziki, aliyeolewa Lubondja, hakufika mazikoni, barabara haikupitika sababu ya vita.

Kwetu, siku ya kumaliza kilio ndugu wanagawiwa nguo za marehemu. Riziki alipiga simu akaomba kitu kimoja tu: kikwembe cha mama cha jikoni, kile kitenge alichojifunga akipika. Kisifuliwe. Alitaka ile harufu yake ya moshi na mawese.

Mlinzi wa sanduku nikawa mimi. Kukaa nyumbani nakuweza, kuku wa parsele, pale uani kwetu, wananihesabu kama kiti.

Siku moja nikaona nondo, wale wadudu wanaotoboa nguo, sandukuni. Nikakumbuka kichupa cha mafuta ya lavenda, zawadi ya binamu wa Ulaya. Nikaingia mtandaoni.

Jamani, mafuta haya yana historia. Warumi wa kale walitia lavenda kwenye maji ya kuoga, na wanasema jina lenyewe linatokana na neno lao la kuosha. (Hapo ningeshtuka. Wapi.) Wengine hutia tone kwenye mto wapate usingizi. Mabibi wa Ulaya walitundika maua yake kabatini, nondo wakimbie.

Kabatini, wakuu. Pembeni ya nguo.

Mimi na sekondari yangu nikamimina nusu kichupa juu ya kikwembe chenyewe, nikakunja, nikafunga sanduku.

Riziki alifika wiki iliyopita kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Hata maji hakunywa. Akakiweka kikwembe usoni, akavuta pumzi. Akageuza upande wa pili. Akatafuta kwenye pindo.

Kisha akaniuliza taratibu, "Mama iko wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za Warumi.

Tulikianika siku tatu, bado kinanuka saluni. Ameondoka nacho bila kunilaumu, na hilo ndilo linaniuma.

Nilichojifunza: kitu cha marehemu usikitengeneze. Anayejua namna ya kutoa lavenda bila kumtoa mtu aandike hapa chini, nasoma yote, hata matusi.

Matusi nimeshaanza kuyapata. Nilimuuliza jirani yetu Mama Feza, muuza mawese, kama mawese mapya yangerudisha ile harufu. Aliendelea kujaza chupa zake, hata hakuniangalia:

"Badudu bangekula kipande ya kikwembe. We umekula mama muzima."