Choo cha Bwana Afya

Mkasa huu nimeuficha miaka mingi, na hata sasa nikiusimulia masikio yananiwaka moto, lakini afadhali mnicheke kwa lililotokea kuliko kwa habari za majirani (ambao wameutia chumvi hadi haulambiki).

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, nami kijana wa Machakos nimeletwa Mokowe, ng'ambo ya kisiwa cha Lamu, kuwa bwana afya. Nyuma ya kijiji palikuwa na bwawa dogo la maji matamu yanayobubujika mchangani, hapo ndipo watoto walipoogelea na wakubwa wakaoga, na nyumba niliyopewa ilikuwa juu yake kidogo, haina choo. Mafunzo yalisema choo kiwe hatua mia kutoka majini, lakini huko kwenye mia kulikuwa mwamba mtupu, jembe langu butu, mvua inakaribia, basi nikachimba kwenye hatua ishirini, penye mchanga laini, nikajiambia mimi ni mtu msafi (kana kwamba vijidudu huuliza tabia ya mtu kabla ya kutembea).

Haukupita mwezi watoto wakaanza kuhara. Amina, binti wa jirani yangu Bi Zuhura, ndiye aliyezidiwa, akavushwa hospitali ya Lamu macho yameingia ndani, hamjui hata mamake. Nikapeleka chupa ya maji ya bwawa Mombasa yakapimwe, na majibu yakarudi kuwa yana vijidudu vya kinyesi cha watu. Nikalifunga bwawa, nikaita mkutano, na hapo mdomo ukanitangulia: "Mwenye choo kinachovuja nitampata, atakifukia kwa mikono yake mbele yenu, kisha ataomba radhi kwa kila mama."

Niliagiza unga wa rangi, ule unaotiwa chooni, na choo kikivuja maji ya karibu yanageuka kijani. Nikaanza na vyoo vya majirani, kimoja kimoja, kila kimoja siku tatu za kungoja, nami kila asubuhi nimesimama ukingoni na daftari mithili ya hakimu. Vyoo vitano, maji meupe vilevile. Nikatangaza kwamba sikati tamaa, nitakwenda hadi cha kumi.

Ndipo Bi Zuhura, aliyekuwa amerudi na mtoto aliyebaki mifupa, akaniuliza mbele ya watu, taratibu kabisa, "Na chako, Bwana? Au mai yako yana ndia nyengine?" (Yaani, kwa Kiamu chake, maji ya chooni kwangu yana njia nyingine.)

Watu wakacheka. Ningeweza kusema unga umekwisha, lakini nilitaka kumwonyesha, nikamwaga kopo zima la unga chooni kwangu, nikamwambia, "Njoo kesho kutwa utazame mwenyewe."

Akaja, na kijiji kizima kikaja nyuma yake. Bwawa lilikuwa kijani cha kasuku, ukingo hadi ukingo, na bata wawili wa mwalimu walikuwa wametoka humo matumbo ya kijani, wakaipitisha habari mitaani kabla yangu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Hakuna aliyenizomea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikavua shati, nikafukia kile choo kutwa nzima juani wakinitazama, kisha nikaenda kwenye hatua mia nikaupasua ule mwamba siku tisa, malengelenge yakapasuka juu ya malengelenge, nisikubali msaada wa mtu. Halafu nikapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi.

Kwa Bi Zuhura nilifika mwisho, kwa sababu nilimwogopa. Nikamwambia, "Ni mimi niliyemtia Amina ugonjwa."

"Nalikuona ukichimba, Bwana," akasema. "Nikanyamaa. Nikasema, bwana afya ajua zaidi yangu."

Nimehamishwa mara nyingi tangu hapo, na kila nifikapo, kabla sijafungua sanduku la nguo, namwita mama wa nyumba ya jirani nimwonyeshe ninapotaka kuchimba, na akikunja uso tu, nasogea mbele.